Nani Amepanda Gari Likiwa Linaenda?

Wasee, hii ya leo ni ya kompyuta lakini usitoroke. Nitaanza na matatu.

Mwenye gari akiwa kwake nyumbani anaweza kukuambia dereva ni nani na makanga ni nani. Hao aliwaandika mwenyewe. Walipanda asubuhi gari likiwa limesimama steji, kila mtu akiona. Sasa muulize saa nane mchana, gari likiwa Jogoo Road, nani yuko ndani. Hajui. Dere ameshuka kula, skwodi ameshika usukani. Makanga ameachia kijana fulani mlango na huyo kijana ndiye anakusanya pesa. Namba plate ni ile ile, mziki ni ule ule, rangi ni zile zile. Wanaoliendesha ndio wamebadilika, na walipanda bila gari kusimama.

Seva nyingi zinazotuhudumia ziko hivyo hivyo. Programu iliyowashwa asubuhi inajulikana, jina lake liko kwenye karatasi. Lakini kuna vitu vinaweza kupanda ndani yake ikiwa inakimbia, vikashika mlango, na kwenye karatasi havipo. Maoni yangu ni haya: mtu yeyote anayepewa kazi ya kushika mfumo, hata kama ni wiki yake ya kwanza, afundishwe namna ya kuuliza "humu ndani kuna nani?" Na akiuliza asiambiwe anajifanya.

Kabla hujaniuliza mimi ni nani wa kusema: mimi si injinia. Niliacha chuo mwaka wa pili, ada ikanishinda, na siku hizi natengeneza video za kompyuta na gemu. Java niliipenda kwa sababu ya Minecraft. Ile Minecraft ya kompyuta inayoitwa Java Edition inakimbia ndani ya mashine pepe ya Java, na mimi nilikuwa naendesha seva ndogo ya vijana wa mtaa. Ukiendesha seva ya gemu kwenye lapi ya mtumba utajifunza mashine pepe kwa lazima, maana kila ikikwama wanakupigia simu wewe.

Mashine pepe ni nini? Ukiandika programu ya Java, haiendi moja kwa moja kwa kompyuta. Inageuzwa kwanza kuwa baitikodi, halafu kuna programu nyingine, hiyo mashine pepe, inayoisoma baitikodi na kuitekeleza. Ni kama kompyuta iliyo ndani ya kompyuta. Na kwa vile mashine pepe inakaa katikati, inaweza kukubali mgeni anayeitwa ajenti.

Hapa usiwaze wakala wa M-Pesa. Wakala wa M-Pesa namba yake imebandikwa ukutani, ukitaka unaipiga picha. Ajenti wa Java ni faili la jar lenye ruhusa ya kubadilisha baitikodi ya programu nyingine wakati inapakiwa, na mara nyingi hata ikiwa imeshapakiwa. Anaweza kuingia kwenye methodi ya malipo, akaongeza mistari yake mwanzo na mwisho, na aliyeandika hiyo methodi asijue. Ukifungua msimbo wako utaukuta vile uliuacha. Kilichobadilika ni kile kinachokimbia.

Uwezo huu uko wazi, si uchawi wa wezi. Uliletwa rasmi na Java 5 mwaka wa 2004. Wakati huo ajenti alipanda steji: unamtaja kwenye amri ya kuwasha programu kwa neno -javaagent, naye anaanza kazi kabla ya programu yenyewe. Mwaka wa 2006 Java 6 ikaleta mlango wa pili. Kupitia huo, programu nyingine inaweza kuifikia mashine pepe inayokimbia tayari na kumpakia ajenti papo hapo, bila kuzima chochote. Huyo ndiye anayepanda gari likiwa linaenda.

Na wengi wao ni watu wa kazi. OpenTelemetry ina ajenti wa kupima ombi la mteja limepitia wapi na limekaa muda gani. JaCoCo ina ajenti wa kuangalia majaribio yako yamegusa mistari ipi ya msimbo. Desemba 2021, mimi nikiwa bado navaa sweta ya shule, dunia nzima ilishtuka kwa sababu ya Log4Shell. Ilikuwa shimo kwenye maktaba inayoitwa Log4j, na kwenye seva za Minecraft mtu aliweza kuandika ujumbe kwenye chati tu, seva ikaenda kuchukua msimbo wa nje na kuutekeleza. Kampuni zilikuwa na maelfu ya programu ambazo hazingeweza kuzimwa zote siku moja. Amazon ikatoa ajenti anayeingia kwenye mashine pepe zinazokimbia na kuziba lile shimo bila kuzizima. Kazi safi.

Lakini sikiza mwisho wake. Aprili 2022, watafiti wa Unit 42 wa kampuni ya Palo Alto Networks wakaonyesha kwamba programu iliyokuwa inawapakia hao ajenti wa Amazon ilikuwa na mashimo yake. Ilikuwa na mamlaka makubwa kupita kiasi, na programu mbaya iliyofungiwa ndani ya kontena ingeweza kuitumia kutoka nje na kushika seva nzima. Amazon ikabidi itoe dawa ya dawa. Kwa hivyo hata ajenti aliyekuja kuokoa anafaa aulizwe ameingiaje na anafanya nini.

Sasa nije kwa kilichonifanya niandike.

Nina dada, mtoto wa shangazi yangu, ambaye mwaka jana alipata kazi kwenye kampuni ndogo ya kukusanya malipo. Alikuwa kwenye miezi ya majaribio. Aliandika sehemu moja ya mfumo, ikapitishwa, ikawekwa. Baada ya wiki tatu mfumo ukaanza kuwa mzito kila siku baada ya saa sita na nusu. Asubuhi uko fiti, mchana wateja wanangoja mpaka wanakata tamaa. Usiku wa manane mfumo huwashwa upya kama kawaida, asubuhi uko fiti tena.

Jibu la mkubwa wake lilikuja haraka: ni msimbo wako, hauwezi kubeba wateja wa mchana. Akaandikiwa ripoti ya tukio, ukurasa mmoja na nusu, imesema chanzo ni sehemu aliyoandika yeye. Kilichobaki ni sahihi yake. Msee, ukiwa kwenye majaribio na una sahihi kwenye karatasi kama hiyo, unajua kitakachofuata. Na yeye ndiye alikuwa analipa kodi ya nyumba ya mama yake.

Alinipigia usiku. Hakuwa analia, alikuwa amekasirika, na alikuwa na kitu kimoja kinachomsumbua. "Ndugu yangu, Jumamosi ndiyo tunapata wateja wengi zaidi. Mbona Jumamosi mfumo hauwi mzito?"

Hilo swali ndilo lilimwokoa, na ni lake, si langu. Mimi nilimwambia tu: kabla ya kuchunguza msimbo wako tena, chunguza ndani ya mashine pepe kuna nani. Na nikamwambia aombe ruhusa kwa maandishi. Hii si mchezo. Sheria ya Kenya ya 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta inafanya kuingia kwenye mfumo bila idhini kuwa kosa, na hata mfanyakazi anafaa awe na idhini ya kile anachofanya. Akaomba kwa barua pepe, mkubwa akajibu "sawa, angalia". Seva niligusa? Hapana. Yeye ndiye alikuwa kwenye kiti, mimi nilikuwa kwenye simu.

Hivi ndivyo alivyofanya, na nakuwekea hatua kwa hatua kwa sababu utazihitaji.

Kwanza, jcmd. Hiki ni kifaa kinachokuja na Java yenyewe. Ukikiita bila kitu kinakuorodheshea mashine pepe unazoruhusiwa kuona, kila moja na namba yake. Lazima uwe mtumiaji yule yule anayeendesha programu, la sivyo utakataliwa. Ukishapata namba, unauliza VM.command_line. Hapo unaona amri yote iliyoiwasha programu. Kama kuna ajenti aliyepanda steji kwa -javaagent, au wale wengine walioandikwa kwa lugha kama C ambao hupita kwa -agentlib au -agentpath, atakuwa hapo.

Usiridhike na kusoma skripti ya kuwasha. Kuna kigezo cha mazingira kinachoitwa JAVA_TOOL_OPTIONS ambacho mtu anaweza kukiweka mahali pengine kabisa, na mashine pepe ikakitii. Ukisoma logi za mwanzo utaona imesema yenyewe kwamba imekiokota. Watu wengi huruka huo mstari.

Kwake kote huko kulikuwa safi. Hakuna ajenti. Mkubwa wake akasema, unaona?

Pili, sasa tunatafuta waliopanda njiani, ambao kwenye amri ya kuwasha hawaandikwi. Alitumia VM.dynlibs, inayoonyesha maktaba zote zilizopakiwa kwenye kumbukumbu. Ajenti yeyote wa Java akiingia huja na maktaba ya Java yenyewe inayoitwa libinstrument. Haikutajii jina la ajenti, inakuambia tu kwamba mlango ulifunguliwa. Kwa hivyo alipima mara mbili. Saa nne asubuhi: haipo. Saa saba mchana: ipo. Programu ile ile, namba ile ile ya mchakato, haijazimwa.

Aliponitumia ujumbe huo nilisimama katikati ya keja yangu kama mtu ameona bao.

Tatu, jina. Seva ilikuwa ya Linux, na kwenye Linux kila mchakato una folda yake chini ya /proc. Ndani ya folda ya fd kuna faili zote ambazo mchakato umezifungua. Hapo kati ya faili za kawaida kulikuwa na jar moja lililokaa kwenye folda ya mtumiaji ambaye hakuna mtu ofisini mwenye jina hilo. Akaongeza Thread.print, inayoonyesha thredi zote na zinachofanya. Kulikuwa na thredi yenye jina geni, na thredi za malipo zilikuwa zimepanga foleni zikingoja zamu ya kuandika kwenye faili moja.

Kuna amri nyingine, GC.class_histogram, inayohesabu vitu vya kila klasi kwenye kumbukumbu. Inafichua klasi za wageni vizuri sana. Lakini inalazimisha mashine pepe kusafisha kumbukumbu yote kwanza na programu inaweza kusimama kidogo. Usiipige mchana wateja wakiwa kwenye laini. Alingoja usiku.

Nne, nani anamleta? Akaangalia ratiba za cron. Mstari mmoja: saa sita na nusu mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, pakia hili jar kwenye mfumo wa malipo. Ndiyo sababu Jumamosi kulikuwa na amani.

Ilikuwa kazi ya fundi wa kandarasi aliyeondoka kitambo. Aliwahi kuitwa kutafuta tatizo, akatengeneza ajenti wa kurekodi kila malipo yanayoingia na kutoka, akamwekea ratiba ili awe anapima saa za kazi, na aliporudi kwao hakuna aliyemshusha ajenti wake. Kabla ya dada yangu kuja, ajenti alikuwa anarekodi methodi chache. Sehemu mpya aliyoandika dada iligawa kazi vizuri kwenye methodi nyingi ndogo ndogo, na ajenti akawa anaandika kila moja. Kwa hivyo ndiyo, mfumo ulikuwa mzito tangu msimbo wake uwekwe. Lakini mzigo haukuwa wake.

Na hilo faili lilikuwa na majina ya wateja, namba zao za simu na kiasi walicholipa, miezi na miezi. Mtu yeyote mwenye akaunti kwenye ile seva angeweza kulisoma.

Ripoti hakuitia sahihi. Aliandika yake, kurasa mbili, na kila hatua na saa yake. Mstari wa cron ukatolewa, Jumatatu mchana mfumo ukawa fiti. Kazi hakupoteza. Msamaha hakuombwa pia. Alichoambiwa ni kwamba faili litafutwa na asilizungumzie sana.

Hapo ndipo yeye alikataa mara ya pili, na hiyo ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema data ya mtu ikifikiwa na asiyeruhusiwa, na kuna hatari ya kweli ya kumdhuru mwenye data, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Kama imefikiwa au haijafikiwa, hilo si la kuamuliwa na mtu mmoja anayetaka mambo yaishe. Akaandika barua pepe akiuliza nani amesoma lile faili, na kwa nini linafutwa kabla ya kujibu. Akaweka na wakili wa kampuni kwenye orodha ya wapokeaji. Faili halikufutwa siku hiyo. Likahamishwa na kufungiwa, na wakili akaanza kuuliza maswali aliyofaa kuuliza.

Kuna watakaosema, si angenyamaza tu, kazi amepata. Naelewa, ganji ni ngumu. Lakini namba zilizokuwa mle ni za watu kama wewe na mimi, waliolipa kitu saa saba mchana wakidhani ni kati yao na kampuni.

Mimi chuoni nilifundishwa Java kwa kalamu na karatasi. Andika darasa, andika mzunguko, taja aina nne za hiki na kile. Sikatai, msingi ni msingi. Ila hakuna siku tulipewa programu inayokimbia tukaambiwa: isomeni, mseme nani yuko ndani. Na kazini hicho ndicho unachokutana nacho. Hukuti karatasi tupu, unakuta gari liko barabarani tayari, lina miaka sita, na waliopanda kabla yako wengine walishuka bila kuaga.

Wenye Java wenyewe wameanza kulishughulikia hili. Kuanzia Java 21, iliyotoka Septemba 2023, ajenti akipanda gari likiwa linaenda mashine pepe inatoa onyo, inataja na faili lake, na wameshasema kwamba matoleo yajayo yatakataa isipokuwa umeruhusu. Ukitaka kumkatalia leo, kuna swichi ya -XX:-EnableDynamicAgentLoading, na jcmd itaendelea kukujibu maswali ya kawaida. Kuna nyingine, -XX:+DisableAttachMechanism, inayofunga mlango wote, lakini jua kwamba jcmd yako nayo inapita mlango huo huo, kwa hivyo utajifungia nje. Na kwenye matoleo mapya, kinasa cha Flight Recorder kinaandika tukio la jdk.JavaAgent: jina la ajenti, maagizo aliyopewa, na kama alipanda steji au njiani. Kwa dada yangu ilikuwa Java 17, ndiyo maana alipitia /proc kama mpelelezi.

Kwa hivyo ukianza kazi mahali, hata uanagenzi, fanya hivi wiki ya kwanza. Omba ruhusa kwa maandishi. Orodhesha mashine pepe zinazokimbia, andika amri iliyowasha kila moja, maktaba zilizopakiwa, na ratiba za cron. Weka tarehe. Rudia baada ya mwezi, ulinganishe. Kila ajenti utakayemkuta, uliza mambo matatu: nani alimleta, anaandika wapi, na nani atamshusha. Kama swali moja halina mwenyewe, lipeleke juu kwa barua pepe, si kwa mdomo kwenye korido.

Na ukiletewa karatasi inayosema kosa ni lako, isome, irudishe mezani, na uombe siku moja ya kuangalia kabla hujashika kalamu.